Bidhaa ikishauzwa kweli hairudishwi? Haki za mnunuzi aliyeuziwa friji mbovu

Swali: Nilinunua friji mpya dukani. Wiki ya tano ikaacha kugandisha, ingawa taa inawaka na mashine inaunguruma. Muuzaji amenionyesha maandishi chini ya risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi." Anasema pia kwamba gerenti ni ya kiwanda, kwa hiyo nihangaike na kiwanda, na kiwanda chenyewe hakina ofisi nchini. Je, kuna sheria inayonilinda au ndiyo basi? Nianzie wapi?

Jibu: Pesa yako hujaipoteza, ila siku zinakwenda, na kila siku inayopita kabla hujaandika chochote inampa muuzaji nafasi. Majibu yote mawili aliyokupa ni ya kawaida sana madukani, na yote mawili ni dhaifu. Maandishi ya risiti hayamwondolei wajibu aliowekewa na sheria. Na anayewajibika kwako wa kwanza ni yule aliyepokea pesa yako, si kiwanda kilicho ng'ambo. Hukutaja uko nchi gani, kwa hiyo nitaeleza msingi unaofanana katika nchi nyingi, kisha nitaonyesha pale zinapoachana, hasa kwenye muda.

Watu wengi wakisikia habari za kumlinda mlaji hufikiria sheria mpya zenye jina hilo. Kwa shauri kama lako, sheria yenye meno zaidi mara nyingi ni ya zamani, na jina lake halimtaji mlaji kabisa: sheria ya mauzo ya bidhaa. Uingereza iliitunga mwaka 1893, na nchi ilizozitawala zikaichukua karibu neno kwa neno. Kenya inayo hadi leo kama Sura ya 31, Tanzania kama Sura ya 214. Uganda iliiandika upya mwaka 2017 na kuziingiza huduma ndani yake.

Sheria hii hutia masharti ndani ya mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka wala kuyaandika. La kwanza ni kwamba muuzaji awe na haki ya kuiuza mali hiyo. La pili, bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo: ukiambiwa lita 300 ziwe 300, ukiambiwa mpya isiwe iliyokarabatiwa na kupakwa rangi. Sharti linalokuhusu wewe ni la ubora. Mtu anayefanya biashara ya bidhaa za aina fulani anapoziuza, ni lazima ziwe na ubora wa kuuzika, yaani mnunuzi mwenye akili timamu anayeijua hali yake halisi bado angekubali kuinunua kwa bei ileile. Na kama mnunuzi amemjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, akategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo sharti iifae kazi hiyo. Kwa kitu chenye kazi moja huhitaji hata kuitamka. Mtu anayeomba friji ameshasema anataka kitu cha kupooza na kugandisha.

Wauzaji wengi hawajui, au hawapendi kujua, kwamba wajibu huu hautegemei kosa lao. Kuna kesi maarufu ya Grant, iliyotoka Australia na kuamuliwa kwenye rufaa London mwaka 1935. Daktari alinunua nguo za ndani za sufu dukani, akazivaa, ngozi ikawaka vibaya kwa sababu kemikali ya salfa haikusuuzwa vizuri kiwandani. Mwenye duka asingeweza kuigundua kemikali hiyo kwa macho wala kwa mkono. Hata hivyo alibanwa, kwa sababu sheria ya mauzo haiulizi kama muuzaji alizembea; inauliza tu kama kitu alichokiuza kilikuwa na ubora unaotakiwa. Kiwanda nacho kilibanwa, lakini kwa njia nyingine kabisa, ya uzembe, ambayo ni ngumu zaidi kuithibitisha. Kesi hiyohiyo ilionyesha kuwa mteja aliyekiona kitu kaunta kabla ya kulipa hapotezi ulinzi huu. Kwa hiyo muuzaji wako akisema "sisi tunapokea maboksi yamefungwa, hatuyafungui," mjibu kwa upole kwamba hilo ni jambo la kati yake na aliyemuuzia. Yeye atamdai msambazaji wake, msambazaji atakidai kiwanda. Wewe huna sababu ya kuruka ngazi zote hizo.

Sasa yale maandishi ya risiti. Kwanza angalia yalikufikia lini. Mkataba wa kununua unakamilika mnapokubaliana na bei kulipwa. Risiti huja baadaye. Sharti linalotolewa baada ya mkataba kukamilika si sehemu ya mkataba. Mahakama ya rufaa ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 1949 katika kesi ya Olley, ambapo hoteli ilibandika tangazo la kukataa kuwajibika ndani ya chumba cha kulala, mahali ambapo mgeni hulisoma akiwa ameshajiandikisha na kulipa mapokezi. Tangazo hilo halikuisaidia hoteli. Pili, soma maneno yenyewe: "hairudishwi wala haibadilishwi" hayasemi lolote kuhusu bidhaa mbovu, na mahakama huyafasiri maneno ya kukwepa wajibu kwa kubana dhidi ya aliyeyaandika.

Bango kubwa ukutani, ambalo uliliona kabla ya kulipa, ni suala gumu kidogo. Sheria ile ya zamani yenyewe iliruhusu masharti ya ubora kuondolewa kwa makubaliano ya wazi. Hapo ndipo sheria mpya za kumlinda mlaji zilipofanya kazi kubwa zaidi, kwa maoni yangu: zilifunga mlango huo. Kenya, Sheria ya Kumlinda Mlaji Namba 46 ya 2012 inasema haki zilizomo zinabaki hata kama mlaji amesaini makubaliano ya kuziacha, na inayabeba masharti ya sheria ya mauzo ndani yake. Juu ya hapo kuna Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa taarifa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Tanzania, Sheria ya Ushindani Namba 8 ya 2003 inashughulikia maelezo ya kupotosha, masharti ambayo yamo kwenye mikataba ya walaji hata bila kuandikwa, pamoja na wajibu wa watengenezaji. Australia wamekwenda mbali zaidi: kubandika bango lisemalo hakuna kurudisha pesa ni kosa lenyewe, kwa kuwa linamdanganya mteja kuhusu haki aliyonayo. India nako, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2019 inakuhesabu kukataa kupokea bidhaa yenye kasoro kuwa mwenendo mbaya wa biashara, na pale ambapo risiti haikutaja muda, inaweka siku 30. Sheria hiyohiyo inakuhesabu kumnyima mteja risiti kuwa mwenendo mbaya pia.

Tofautisha gerenti na haki hii ya kisheria. Gerenti ni ahadi ya hiari, mara nyingi ya kiwanda, na mtoaji anaweza kuiwekea mipaka: kompresa (mashine inayosukuma gesi ya kupooza) tu, mwaka mmoja tu, fundi wetu tu. Haki ya kisheria haikutolewa na kiwanda, kwa hiyo kiwanda hakiwezi kuipunguza, na kuisha kwa gerenti hakuimalizi. Una vitu viwili mkononi, dhidi ya watu wawili tofauti. Muuzaji anayekuelekeza kwenye gerenti anakuomba utumie kile kilicho dhaifu na uache kile kinachomhusu yeye. Unaweza kuitumia gerenti ukiona ni njia ya haraka, lakini iwe kwa hiari yako, na kabla muda haujakuponyoka.

Kwenye muda ndipo watu wengi wanapoangukia, hata wale wenye haki kabisa. Chini ya sheria ya zamani, mnunuzi aliyepewa bidhaa mbovu anaweza kuikataa na kudai pesa yote, lakini haki hiyo hukoma mara "anapoikubali" bidhaa. Na kukubali hakuhitaji useme umeikubali. Kukaa nayo kupita muda wa kadiri bila kumwarifu muuzaji kwamba unaikataa ni kukubali. Kuitumia kama mwenye mali, kuiuza au kuibadilisha umbo ni kukubali. Ukishakubali, unabaki na haki ya fidia tu: tofauti kati ya thamani ya friji nzima na thamani ya ile mbovu uliyopokea, pamoja na hasara iliyofuatia moja kwa moja.

Muda wa kadiri ni siku ngapi? Sheria ya zamani haikutaja namba, na jambo hilo limewaumiza watu. Mwaka 1987 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Bernstein, aliyenunua gari jipya. Baada ya wiki tatu na maili 140 tu, injini ilikwama kwa sababu tone la gundi ya kuzibia lilikuwa limeingia kwenye njia ya oili kiwandani. Hakimu alikubali kwamba gari halikuwa na ubora unaotakiwa, lakini akasema wiki tatu zilitosha kuhesabiwa kuwa amelikubali. Akapata fidia, kulirudisha gari akakosa. Tangu hapo nchi kadhaa zimeona heri kuandika namba. Uingereza, Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inatoa siku 30 za kukataa bidhaa na kurejeshewa pesa yote. Zikipita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na akishindwa mnunuzi anarudia kwenye kurudisha au kupunguziwa bei. Afrika Kusini, Sheria ya Kumlinda Mlaji Namba 68 ya 2008 inatoa miezi 6 tangu kukabidhiwa, na chaguo la kutengenezewa, kubadilishiwa au kurejeshewa pesa ni la mlaji. Ikitengenezwa kisha ikaharibika tena ndani ya miezi 3, muuzaji lazima abadilishe au arudishe pesa. Umoja wa Ulaya unamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro zinazojitokeza ndani ya miaka 2.

Wewe uko wiki ya tano. Ukiwa Afrika Kusini umekaa vizuri. Ukiwa Uingereza huenda siku 30 zimepita, na hapo unaanzia kwenye matengenezo. Ukiwa Kenya au Tanzania, utabishana juu ya muda wa kadiri, na hoja yako nzuri ni kwamba kasoro ilikuwa imejificha, friji ilifanya kazi kawaida hadi siku hiyo, na ulimwarifu muuzaji mara tu ilipojitokeza. Hoja hiyo inabebwa na tarehe za maandishi. Bila tarehe haina miguu.

Basi leo, kabla ya kurudi dukani, izime friji na uichomoe. Kuendelea kuitumia kunaharibu hoja mbili kwa pamoja, ile ya kuikataa na ile ya chanzo cha hitilafu. Mtumie muuzaji ujumbe wa maandishi, hata wa simu, ukisema tu: friji namba fulani niliyonunua tarehe fulani imeacha kugandisha tarehe fulani, siikubali, nasubiri maelekezo yenu. Huo ujumbe ndio unaosimamisha saa. Kisha piga picha risiti, maana risiti nyingi za mashine huchapwa kwa joto na maandishi hufifia ndani ya miezi michache. Piga picha kibandiko cha namba ya utambulisho nyuma ya friji, na kipimajoto kikiwa ndani ikiwa ulikiweka kabla hujazima. Kama risiti imepotea hujafa: taarifa ya benki, ujumbe wa malipo ya simu au hati ya kupokelea mzigo ni ushahidi wa mauzo vilevile.

Baada ya hapo tafuta fundi huru, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu mashauri mengi hushinda au hushindwa kwenye karatasi yake. Katika Umoja wa Ulaya kasoro inayojitokeza ndani ya mwaka 1 huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo hadi muuzaji athibitishe vingine, na Uingereza ni miezi 6. Sheria ya mauzo ya zamani haina msaada huo. Ni mnunuzi anayepaswa kuonyesha kwamba kasoro ilikuwamo siku ya kukabidhiwa. Ripoti inayosema "friji ni mbovu" haionyeshi hivyo. Inayofaa inataja namba ya utambulisho, tarehe ya ukaguzi, umeme uliopimwa kwenye soketi, jinsi friji ilivyokutwa, na sababu. Kompresa ikiunguruma bila friji kupooza, uwezekano mkubwa ni gesi kuvuja. Gesi hubeba oili ya kompresa, kwa hiyo panapovuja huonekana alama ya mafuta, mara nyingi kwenye kiungo cha mabomba kilichochomelewa. Kiungo kilichochomelewa vibaya ni kazi ya kiwandani, na fundi akikiona akakipiga picha umepata ushahidi mkubwa. Kinyume chake, koili za kompresa zilizoungua zinaweza kutokana na umeme kushuka na kupanda, na bomba lililotobolewa kwa kisu cha kubandulia barafu ni kosa la mtumiaji. Fundi mkweli akikuambia ni hilo la mwisho, acha shauri.

Mwambie fundi asikate bomba, asijaze gesi, asifungue chochote kilichozibwa. Akague, apime, apige picha, basi. Mara nyingi mtu anaita fundi wa jirani, bomba linakatwa, gesi inajazwa, friji inafanya kazi siku tatu na kufa tena, na muuzaji anapata jibu zuri kuliko yote: "mmeshaichezea." Kama ni lazima kufungua, mwarifu muuzaji kwa maandishi tarehe na saa ili alete fundi wake ashuhudie. Akikataa kuja, kukataa kwake nako kuna uzito.

Ripoti ikipatikana, andika barua ya madai. Iwe fupi, bila matusi wala historia ndefu. Inaweza kuwa hivi:

*Tarehe … nilinunua kwenu friji aina ya …, namba ya utambulisho …, kwa bei ya …, risiti namba …. Tarehe … iliacha kugandisha, nami niliwaarifu tarehe …. Ripoti ya fundi iliyoambatishwa inaonyesha kwamba …. Friji hii haina ubora unaotakiwa na sheria ya mauzo ya bidhaa wala haifai kwa kazi niliyoinunulia. Kwa barua hii naikataa, na nadai mnirejeshee bei yote pamoja na gharama ya usafiri na ya fundi, jumla …, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Friji ipo … na mnaweza kuikagua au kuichukua siku yoyote ya kazi. Siku hizo zikipita bila malipo nitafungua shauri bila kuwaarifu tena.*

Zingatia sentensi inayosema friji ilipo. Mnunuzi aliyekataa bidhaa kihalali halazimiki kuibeba kuirudisha. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Kwa hiyo usikodi gari la mizigo kwa sababu muuzaji amesema "ilete kwanza ndipo tuongee." Zaidi ya gharama, ukiiacha dukani bila hati ya kupokelewa umempa ushahidi wako wote. Barua ipeleke nakala mbili, moja wagonge muhuri au kusaini kwamba wamepokea. Wakikataa kusaini, itume kwa njia inayoacha rekodi.

Barua iende kwa nani hasa? Jina kubwa la kwenye bango la duka mara nyingi ni jina la biashara tu. Mwenye kushtakiwa ni kampuni au mtu aliyesajiliwa nyuma yake, na jina hilo hupatikana kwenye risiti yenye namba ya mlipakodi au kwa msajili wa kampuni. Shauri lililofunguliwa dhidi ya jina lisilokuwapo kisheria linaweza kutupwa, au ukashinda kisha ukakosa wa kumkamata.

Muuzaji akinyamaza, una njia mbili zinazofanya kazi tofauti, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mamlaka ya serikali: Tume ya Ushindani kwa Tanzania, Mamlaka ya Ushindani kwa Kenya, na shirika la viwango kama bidhaa haikufikia kiwango au ni ya hatari. Kwa simu, umeme, maji au bima, nenda kwa mdhibiti wa sekta hiyo, kwa mfano TCRA (mawasiliano) au EWURA (nishati na maji) kwa Tanzania. Mamlaka hizi kazi yake kubwa ni kumrekebisha mfanyabiashara kwa ajili ya wote: kuchunguza, kutoza faini, kuzuia bidhaa. Malalamiko yako yanaweza kumsukuma akulipe, na wengi hulipa mara tu barua ya mdhibiti inapofika, lakini usikae ukisubiri hilo huku muda wa mahakamani ukienda.

Njia ya pili ni mahakama, na siku hizi si ya kuogopesha kama zamani. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mauzo ya bidhaa yakiwamo, huhitaji wakili, na hukumu inatakiwa itolewe ndani ya siku 60 tangu shauri lifunguliwe. Uganda ina utaratibu wa madai madogo kwa kiasi kisichozidi shilingi za Uganda milioni 10. India ina tume za migogoro ya walaji kuanzia ngazi ya wilaya, na tangu sheria ya 2019 mlaji anaweza kufungua shauri mahali anapoishi au anapofanyia kazi, si lazima aende alipo muuzaji. Ila ana miaka 2 tu tangu sababu ya shauri itokee. Kwa Kenya na Tanzania ukomo wa jumla wa madai ya mkataba ni miaka 6. Namba hiyo isikulaze usingizi, kwa maana inalinda haki ya kudai fidia. Ile ya kuirudisha friji ilishakufa zamani kama ulikaa kimya.

Ukijaza hati ya madai, weka ombi la msingi na ombi mbadala. La msingi: mahakama itamke kwamba niliikataa friji kihalali, nirejeshewe bei yote. Mbadala: ikionekana niliikubali, nilipwe fidia ya tofauti ya thamani pamoja na hasara zilizofuatia. Mtu anayeomba pesa yote peke yake, mahakama ikaona alichelewa, anaweza kutoka mikono mitupu ilhali alistahili sehemu kubwa. Hasara zilizofuatia ziwe na karatasi: fundi, usafiri, vitu vilivyooza ndani ikiwa una picha na risiti zake. Usumbufu wa moyo mahakama hizi huupa kidogo sana au hauupi kabisa, kwa hiyo usiupandishie bei. Dai lililovimba hutilia shaka hata sehemu iliyo kweli.

Kuna mahali sheria haitakushika mkono, nawe ni vyema ulijue kabla hujatumia pesa ya fundi. Kama muuzaji alikuonyesha kasoro kabla ya kununua, au uliikagua na kasoro ilikuwa ya wazi kwa ukaguzi huo, huwezi kuilalamikia baadaye. Kama ulinunua kwa mtu binafsi anayehama nyumba, sharti la ubora halimhusu, kwa kuwa yeye hafanyi biashara ya friji. Atawajibika tu kwa uongo aliokuambia na kwa maelezo yasiyolingana. Na kama friji ni nzima ila umebadili mawazo, dukani kwa kawaida huna haki ya kuirudisha katika nchi nyingi. Duka likipokea ni kwa hisani. Mambo ni tofauti ukinunua bila kuiona bidhaa: Umoja wa Ulaya unatoa siku 14 za kughairi manunuzi ya mtandaoni bila kutoa sababu, isipokuwa kwa vitu kama vilivyotengenezwa kwa vipimo vyako au vinavyooza haraka. Afrika Kusini inatoa siku 5 za kazi kwa mauzo ya kukufuata ulipo.

Kama friji ilikupiga shoti au ilishika moto, usihangaike kwanza na suala la nani alilipa. Tangu kesi ya Uingereza ya Donoghue ya mwaka 1932, mtengenezaji anawajibika kwa madhara ya uzembe wake hata kwa mtu ambaye hakununua kitu hicho mwenyewe, awe mwanafamilia au aliyepewa zawadi. Ripoti kwa shirika la viwango siku hiyohiyo.

Muuzaji akishaona barua na ripoti, kuna uwezekano mkubwa atakuja na pendekezo la kuitengeneza bure. Unaweza kulikubali, lakini andika: "Nakubali matengenezo bila kuacha haki yangu ya kuikataa friji ikiwa haitafanya kazi ipasavyo ndani ya siku …" na mpe muda, siku 14 zinatosha. Chukua hati ya kupokelewa yenye namba ya utambulisho ili usirudishiwe friji ya mtu mwingine. Akipendekeza hati ya kununulia bidhaa nyingine dukani kwake badala ya pesa, hulazimiki kuipokea pale unapostahili kurejeshewa bei. Na ukiipokea, fahamu kuwa mara nyingi umeshamaliza madai. Soma kila karatasi atakayokupa usaini siku ya kulipwa. Ikisema umelipwa "madai yote yaliyopo na yajayo" huku amekupa nusu, usisaini. Andika kwa mkono kwamba umepokea kiasi fulani kama sehemu ya malipo, weka tarehe, kisha ndipo usaini.